Pampu Mbili Zilizozama

"Mama, hii meza uliitoa wapi?"

Gisèle hakuinua kichwa. Aliendelea kutandaza ndakala juu ya mbao pana zilizowekwa juu ya mawe manne, vidole vyake vikitawanya samaki wale wadogo mmoja mmoja ili jua liwapate wote.

"Ziwa njo lilinipa," alisema. "Kama Leta, hiyo serikali yenu, inataka kodi ya vitu vya ziwa, ianze na ziwa lenyewe."

Inspekta Philomène Kisimba alicheka, akachuchumaa na kuchungulia chini ya meza ile. Upande wa chini, rangi nyekundu ilikuwa imeanza kubabuka, lakini neno moja la Kifaransa lilisomeka bado: SINISTRE, yaani maafa, na mbele yake namba 02. Kwa siku tisa polisi wa Kalemie walikuwa wameuliza habari za makasha mawili yenye alama hiyo, yaliyoanguka ziwani, kila mahali isipokuwa kwa wanawake wanaoanika samaki.

"Ilikuja lini?"

"Kesho yake ya ile siku ya upepo mkali. Ilikuwa inaelea kama mutumbwi. Ikapiga majiwe pale, ikapasuka. Mimi nikachukua chini yake, wengine wakachukua pembeni kwa kupikia." Sasa Gisèle alisimama, mikono kiunoni. "Unaniondolea meza yangu?"

"Ninaiazima, mama. Nitakupa karatasi yenye sahihi."

"Ndakala hazianikwe juu ya karatasi."

Mwishowe Philomène alimnunulia mkeka mpya kwa jirani, akamsaidia kuhamisha samaki wote, na ndipo askari wawili wakaibeba meza ile mpaka kwenye gari.

Habari yenyewe mji mzima uliijua. Mwaka ule ziwa lilipovimba na mto Lukuga ukakataa kushuka, maji yaliingia kwenye kituo cha kusukuma maji, yakakaa humo wiki sita, yakaua pampu zote. Mvua hizohizo ziliangusha nguzo za umeme unaotoka kwenye bwawa la Bendera. Serikali ikatoa fedha za maafa. Mafundi wa umeme walifanya kazi wakiwa ndani ya tope hadi kiunoni, wakasimamisha nguzo, na taa zikarudi. Kazi ya maji ilipewa kampuni ya binafsi iitwayo Nyota-Lukuga, ya bwana mmoja aitwaye Valère. Valère akaagiza pampu mbili kubwa. Akasema zinapitia upande wa kusini, zitafika Moba, kisha zitaletwa Kalemie kwa boti.

Njiani kutoka Moba, upepo ulichafua ziwa, na makasha mawili yakaanguka majini. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Nahodha wa boti, Doudou, alitiwa ndani, kwa kuwa watu walisema aliziuza pampu njiani akasingizia mawimbi. Na Valère, kwa uso wa majonzi, akauomba Mfuko wa Maafa utoe fedha za pampu nyingine. Kamati ingekaa kesho, Alhamisi, saa nne asubuhi, kutia sahihi.

Wakati huohuo watu walikunywa maji ya ziwa. Katanika, kwenye kambi ya waliokimbia vita, kipindupindu kilikuwa kimeshachukua watoto kumi na mmoja.

"Nahodha tunaye," mkuu wake, Kamishna Kalala, alikuwa amemwambia. "Unatafuta nini tena?"

"Pampu, Kamishna."

"Ziko chini ya ziwa ao ziko kwa mununuzi. Una mpaka kesho."

*

Papa Damien alikuwa fundi wa kituo cha maji kwa miaka thelathini na mmoja. Tangu mafuriko alikuja kazini kila siku, akafagia tope, akapaka mafuta vyuma ambavyo havikuwa na kazi, akarudi nyumbani. Walipomlazia ile meza mbele ya mlango, aliizunguka mara mbili. Kisha akapiga magoti na kupitisha kiganja juu yake, upande mmoja, na upande wa pili.

"Unasema hii njo ilikuwa chini ya kasha? Mahali pompi inakaa?"

"Ndiyo."

"Hapana."

"Hapana nini, Papa Damien?"

"Mama Inspekta, pompi ya vile iko na kilo elfu moja na mia tano. Hawaiweke tu ndani ya kasha kama kuku. Wanaifunga na bulone kwenye mbao za chini, bulone nane, bolti nene kama kidole gumba changu. Tundu ziko wapi?"

Philomène aliangalia. Mbao zilikuwa nzima. Zilikuwa na misumari pembeni, na alama za visu vya Gisèle, basi.

"Na grisi?" Damien aliendelea, sauti ikipanda. "Pompi mpya inalia grisi njia nzima. Mbao ingekunywa grisi mpaka ndani. Hii inanuka samaki tu." Alichomoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua ukingo wa ubao mmoja. Rangi ya ndani ilikuwa nyekundu kama nyama. Akaunusa, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka tangu mvua zile.

"Mama, hii ni mulombwa."

"Mti wa hapa?"

"Wa hapa kabisa! Unaota kwenye milima yetu. Vitanda vya mji huu vyote ni mulombwa. Sasa niambie, ile fabriki ya ng'ambo, kiwanda cha pompi, ilipata wapi mulombwa wa kutengeneza kasha?"

Philomène alifungua daftari lake, akaandika mistari mitatu. Kasha halikubeba pampu. Kasha lilitengenezwa huku. Aliyelitengeneza yuko mjini. Ule wa tatu akaupigia mstari chini.

*

Kabla ya kumtafuta seremala alipitia mahabusu. Doudou alikuwa amekonda. Alikaa ukutani, viatu vyake havina kamba, na alipomwona aliinuka kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kujibu sana.

"Sikuuze kitu, Mama Inspekta."

"Sikuulizi hilo. Nani alifunga kamba za makasha?"

Doudou alimtazama vizuri. "Steve. Mutu wa Papa Valère. Alisema mizigo ya Leta inafungwa na kampuni, mimi niende kupigisha karatasi mihuri. Niliporudi, makasha yalikuwa juu ya boti tayari."

"Na boti ilikaaje majini?"

"Vizuri. Hata nilishangaa. Tani tatu juu, na boti inapanda mawimbi kama mbuzi! Nikasema Mungu anatusaidia."

"Makasha yalipoanguka, yalizama vipi?"

Nahodha alifumba macho. Alipojibu, alisema polepole kana kwamba anayaona tena mbele yake. "Moja lilijaa maji, likashuka pole pole. Lingine lilielea. Liliondoka na mawimbi mpaka sikuliona tena."

"Chuma cha kilo elfu moja na mia tano kilielea?"

Doudou alijipiga kofi kwenye paji la uso.

"Kwa nini hukulisema hili siku zote hizi?"

"Hakuna mutu aliniuliza," alisema. "Wote waliuliza tu nimeuzia nani."

Philomène alimwandikisha maelezo upya, neno kwa neno, akamsomea, akamwambia atie sahihi. Alipokuwa akitoka alimwambia askari wa mlango ampe nahodha kamba za viatu vyake.

"Lakini Mama, kanuni inasema..."

"Basi zishike wewe mkononi. Kesho atazihitaji mapema."

*

Maseremala wa Kalemie hawakuwa wengi wenye mashine ya kukata mulombwa mpana namna ile. Wa kwanza aliapa kwa mama yake kwamba hajatengeneza kasha tangu Krismasi. Wa pili alimwelekeza kwa mshindani wake kwa furaha kubwa mno, na safari ile ikapoteza saa nzima, kwa kuwa mshindani alikuwa akitengeneza majeneza tu. Wa nne alikuwa Dédé.

Dédé alipoona ubao mdogo mwekundu wa ukingo, ulioondolewa kwenye ile meza, alitabasamu kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wake.

"Njo yangu! Angalia kona, hakuna fundi mwingine anakata kona hivi. Nilitengeneza mbili. Kampuni ya Nyota-Lukuga."

"Walikupa vipimo kwenye karatasi?"

"Karatasi ya nini? Nilipima mwenyewe kwenye zile za kweli."

Philomène hakusogea. Kalamu ilibaki hewani. "Za kweli zilikuwa wapi, Dédé?"

"Kwenye depo, lile ghala la zamani la pamba, karibu na reli. Kulikuwa makasha mawili ya mbao nyeupe, ya ng'ambo. Steve aliniambia mbao zake zimeoza, wanataka kubadilisha. Mimi nikasema hazijaoza. Akasema, wewe tengeneza tu." Tabasamu lilianza kumtoka. "Halafu zangu walizipeleka Moba na kamio, lile lori lao, zikiwa na matofali machache ndani. Nikauliza matofali ya nini, wakasema ni ya kujenga. Mama Inspekta, nimefanya kosa?"

"Umefanya kazi nzuri, Dédé. Nzuri kuliko walivyotaka. Makasha ya kweli yalikuwa na maandishi gani?"

"Ya Kigoma. Muhuri wa bandari ya Kigoma. Na hapo chini waliandika, mashine za kusaga muhindi."

Basi yote yalikaa mahali pake. Pampu hazijawahi kuiona Moba. Zilivuka ziwa kutoka Kigoma, njia ya kila siku, zikateremshwa bandarini Kalemie kwa jina la mashine za unga, zikafungiwa kilomita mbili kutoka kituo kilichokuwa kikizisubiri. Safari ya Moba ilikuwa mchezo wa matofali, na ziwa lilisingiziwa wizi.

Swali moja lilibaki: bado zipo? Katika Manono kuna wachimbaji ambao mashimo yao yamejaa maji, na mwenye shimo hamwulizi mtu pampu yake imetoka wapi.

Hakuenda kuvunja mlango. Valère alikuwa na wakili mjanja, na mlango uliovunjwa bila hati ungemfungulia njia ya kutokea. Alikwenda kwa mwendesha mashitaka, akamkuta anafunga ofisi, akamweka palepale mlangoni mpaka alipoyasoma maelezo ya Doudou na ya Dédé hadi mwisho. Aliweka askari wawili wenye nguo za kiraia kwenye njia ya reli, mmoja akiuza karanga. Saa moja na nusu asubuhi ya Alhamisi, hati ya upekuzi iliyosainiwa alfajiri ile ikiwa mkononi, wino wake bado haujakauka vizuri, alisimama mbele ya depo ya pamba.

Lango lilikuwa wazi. Ndani, kamio kubwa ilikuwa inanguruma, tayari kuondoka. Juu yake, chini ya turubai, palikuwa na maumbo mawili makubwa, na makasha meupe ya Kigoma yalikuwa yamelala matupu pembeni. Steve alikuwa anafunga kamba, na safari hii alizifunga barabara.

"Unaenda wapi, Steve?"

Kijasho kilimtoka kabla ya jibu. "Manono. Ni... ni mashine za muhindi."

Papa Damien, aliyekuja na Philomène kuzitambua pampu, hakungoja ruhusa. Na miaka yake sitini na mitatu, alikanyaga gurudumu, akapanda juu ya kamio, akavuta turubai. Buluu ya pampu mpya iling'aa katika jua la asubuhi. Fundi aliweka viganja vyote viwili juu ya chuma, akakipapasa.

"Grisi," alisema, akiinua mikono yake iliyolowa. "Mama Inspekta, ona grisi!"

Askari mmoja aliuliza kama wateremshe mzigo. Philomène aliangalia saa yake, akaangalia kamio, na wazo likamjia, zuri mpaka akalizungusha mara mbili kichwani kulitafutia kasoro.

"Kwa nini tujisumbue?" alisema. "Wameshatupakilia."

*

Ukumbi wa kamati ulijaa. Mama Angélique, mratibu aliyetumwa na Kinshasa kusimamia Mfuko wa Maafa, alikaa katikati ya meza na karatasi zake. Valère alikuwa amesimama, suti ya kijivu, sauti ya chini ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu.

"Sisi sote tunalia. Ziwa limetupa samaki, limetuchukulia pampu. Ninaomba tu tusiwaache ndugu zetu wa Katanika."

Philomène aliomba nafasi. Kamishna Kalala, kwenye safu ya mbele, alimtupia jicho la onyo. Yeye akajifanya hakuliona.

"Mama Mratibu, maswali machache ya kufunga faili. Papa Valère, hizo pampu ulizipokea wewe mwenyewe?"

"Kwa macho yangu na mikono yangu. Pale Moba."

"Rangi yake?"

"Buluu."

"Kila pampu ina namba yake ya kiwanda. Unazo?"

"Ninazo zote." Valère alifungua faili kwa madaha, akasoma. "Ya kwanza, elfu nne mia nne sabini na moja. Ya pili, elfu nne mia nne sabini na mbili."

Philomène alikwenda ubaoni akaziandika kwa chaki, kubwa, ili hata wa nyuma wazione: 4471, 4472.

"Hakuna pampu nyingine duniani zenye namba hizi?"

"Mama Inspekta, fabriki haitoi namba moja mara mbili."

"Na leo pampu hizi ziko wapi?"

Valère alitabasamu kwa huruma. Baadhi ya watu ukumbini walicheka. "Ziko chini ya ziwa Tanganyika. Na kina chake unakijua."

"Ninaomba uyaandike hayo, namba na mahali zilipo, utie sahihi mbele ya Mama Mratibu."

Aliandika haraka, kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi yenye mkia mrefu. Mama Angélique aliisoma karatasi, akampa Philomène. Philomène aliikunja mara moja, akaenda dirishani, akalifungua, akainua mkono.

Honi ya kamio ililia mara tatu, hata vioo vikatetemeka.

"Papa Valère," alisema, "ziwa limerudisha mzigo wako. Uko mlangoni."

Watu walimiminika nje. Kamio ilikuwa imesimama mbele ya ngazi, turubai limeondolewa, na juu yake Papa Damien, fulana yake nyeusi kwa mafuta, akifuta kibati cha namba cha pampu ya kwanza kwa kitambaa. Alisoma kwa sauti ya padri wa Pasaka.

"Elfu ine, mia ine, makumi saba na moja!"

Umati ukapiga kelele. Akarukia ya pili.

"Elfu ine, mia ine, makumi saba na mbili!"

Vigelegele vilipanda. Mama mmoja aliyekuwa akipita na dumu la maji kichwani alilitua, akaanza kucheza bila kujua habari ni nini.

Valère alikuwa wa mwisho kutoka. "Hizi ni zingine," alisema. "Niliagiza zingine, kwa mali yangu..."

"Fabriki haitoi namba moja mara mbili," alisema Mama Angélique. "Umetufundisha sasa hivi."

Valère aligeuka kumtafuta Steve. Steve alikuwa kando ya kamio, kati ya askari wawili, naye alishaona upepo unavyovuma. "Mimi nilifunga kamba tu!" alilia. "Papa Valère njo aliniambia nizifunge legevu! Njo alipata mununuzi wa Manono!"

Pingu zilitoa mlio mdogo. Philomène alimsomea Valère haki zake kwa utaratibu, asiruke hata moja, kwa kuwa alitaka kesi hii isimame imara hadi mwisho. Kisha Kamishna Kalala akamkaribia. Alikohoa.

"Yule nahodha..."

"Hati yake ya kuachiliwa ninayo hapa, Kamishna. Inangoja sahihi yako."

Kamishna aliutumia mgongo wa askari kama meza, akasaini.

*

Kazi ya kufunga pampu ilichukua siku kumi na mbili. Doudou alijitolea siku tatu kuvuta minyororo, akisema anataka kuona kama kweli hazielei. Jumanne mchana, umeme wa Bendera ukiwa umetulia kwenye mita, Papa Damien alivaa shati jeupe, akafunga kola, akasukuma kitufe cha kijani.

Sakafu ilitetemeka. Mshale wa presha ulilala, ukashtuka, ukaanza kupanda. Ulipopita alama nyekundu ya zamani Damien alivua kofia.

Simu ya Philomène ilianza kulia. Kwanza mitaa ya chini, karibu na bandari: robine, bomba la mtaa, inakohoa, sasa inatoa tope, sasa maji! Kisha nyumba za wafanyakazi wa reli. Kisha hospitali, ambako muuguzi mmoja alikuwa akilia na kucheka. Maji yalikuwa yanapanda mji, na simu zilipanda nayo, mtaa baada ya mtaa, mpaka zikafika kilimani zikanyamaza.

Ilibaki Katanika, mwisho wa bomba jipya. Dakika ishirini zilipita. Damien alizunguka pampu zake akizisikiliza, mkono mmoja nyuma ya sikio. Arobaini. Philomène aliiweka simu mezani, uso juu, wakaitazama wote wawili.

Ilipolia, alikuwa Mamie, kiongozi wa wanawake wa kambi.

"Allo? Mamie? Imefika?"

Mamie alikuwa ameisogeza simu karibu na robine, na kilichosikika kilikuwa maji yakipiga sakafu ya ndoo tupu, kwa nguvu, kisha mlio ukibadilika kadiri ndoo ilivyojaa, na nyuma yake sauti za watoto wengi wakigombea kusimama chini yake.

"Wanasema nini?" aliuliza Papa Damien.

Philomène alinyoosha mkono, akamwekea fundi simu sikioni.